Palipoandikwa "Guastavino hapa"

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mafundi waashi, wakandarasi wadogo na wanafunzi wa usanifu majengo. Tunaiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu mafundi, wazee wa kazi, vijana wa vyuo, nawasalimu kwa heshima zote.

Ipo michoro ya majengo makubwa ya Marekani ambayo ukiifungua unakuta kila kitu kimo. Nguzo zimepimwa, ngazi zimehesabiwa, madirisha yana namba. Ukipandisha jicho kwenye dari unakuta peupe. Hakuna mstari, hakuna kipimo. Pameandikwa maneno mawili tu: "Guastavino hapa."

Jamani, mmewahi kuona msanifu anamwachia fundi mahali peupe kwenye ramani? Msanifu huyu huyu ambaye akikuta kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, imepinda anakuita mbele za watu? Hao walikuwa wasanifu wenye majina New York na Boston, na sehemu ngumu kuliko zote katika jengo waliiacha wazi wakaandika jina la mhamiaji aliyeshuka melini bila Kiingereza. Alipataje nafasi ile? Hilo ndilo swali la leo.

Kwanza tuwatenganishe watu. Walikuwa wawili, baba na mwana, na wote waliitwa Rafael Guastavino. Nitasema baba, nitasema mwana, tusichanganye.

Baba alizaliwa Valencia, Hispania, mwaka 1842, akajifunza ujenzi Barcelona na kufanya kazi huko. Alijenga viwanda, kikiwemo kiwanda kikubwa cha nguo cha Batlló, kwa dari za vigae vyembamba zilizokunjwa kuwa matao. Mbinu hiyo hakuibuni yeye. Mafundi wa pwani ile ya Mediterania walikuwa nayo karne nyingi, wakijengea ngazi, sakafu na makanisa ya vijijini. Walikuwa wanaipiga lipu chini, basi hakuna aliyejua ndani kuna nini.

Mwaka 1881 akapanda meli kwenda New York, umri karibu miaka 40. Nyuma ameacha ndoa iliyovunjika na madeni. Mkononi ameshika mwanawe mdogo wa miaka 9. Sasa mwekeni huyu mtu pale bandarini. Cheti chake hakisomeki, lugha hana, na nchi nzima inajengwa kwa mbao na chuma. Nani atampa kazi?

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kuhangaika. Alichora michoro ya mapambo kwenye jarida ili apate chakula. Mwaka 1883 alishinda shindano la kusanifu jengo la klabu moja ya New York, kwa sababu walitaka sura ya Kihispania na yeye Uhispania anao damuni. Akajaribu kujenga nyumba za kupangisha kwa mbinu yake, fedha zikamwishia. Angeendelea kuuza sura ya kwao angebaki mchora mapambo mpaka kufa.

Kilichombeba ni moto. Ndiyo, moto. Chicago iliungua mwaka 1871, Boston ikafuata mwaka 1872. Miji hiyo ilikuwa na sakafu za mbao, na hata penye nguzo za chuma, chuma kiliachwa uchi. Mnajua chuma kinafanyaje motoni. Hakiungui, lakini kikifika kama nyuzi 550 hadi 600 za Selsiasi kimeshapoteza karibu nusu ya nguvu zake, kinalegea na kuvuta kuta. Kila mwenye jengo alikuwa na swali moja: nani atanijengea sakafu isiyoungua, isiyo nzito kama mlima, na isiyonifilisi?

Baba aliangalia dari za kwao akaona kitu ambacho mafundi wa Valencia hawakuwahi kukiita hivyo. Akaona kinga ya moto. Mwaka 1885 akachukua hataza yake ya kwanza Marekani, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, na haikuwa ya uzuri wa tao. Ilikuwa ya ujenzi usioshika moto. Baadaye, mwaka 1889, alipofungua kampuni, neno la kinga ya moto aliliweka ndani ya jina la kampuni. Kigae ni kile kile cha bibi yake. Alichobadilisha ni swali ambalo kigae kinajibu.

Sasa tukitazame chenyewe, maana hapa wengi wanaosimulia habari za watu hawa hupita mbio.

Kigae cha kawaida kilikuwa kama sentimita 15 kwa 30, unene sentimita 2.5 au pungufu kidogo. Kwa udongo wa kuchoma hicho ni kama kilo 2, kinashikika kwa mkono mmoja. Kinalazwa ubapa. Tofali la tao la kawaida tunalisimamisha kwa ubavu, halafu tunalihitajia fomwaki, yaani umbo la muda la kubeba kazi mpaka ishike, mbao, mirunda chini msitu mzima, na siku za kungoja. Kigae hiki hakihitaji hata mrunda mmoja kukibeba. Kwa nini?

Jibu ni jasi, hii mnayoiita jipsamu. Fundi anakoroga jasi kidogo kwenye bakuli, kiasi cha vigae vichache tu. Anapaka kingo mbili za kigae, ile itakayogusa kigae cha jirani na ile itakayogusa kozi iliyotangulia. Anakibandika, anakigonga kidogo kwa mpini wa mwiko, anakishikilia. Anahesabu sekunde 10, 15, pengine 20. Anaachia. Kigae kinabaki hewani, kimeshikwa kingo mbili, hakuna kitu chini yake. Anachukua kingine. Kozi ikifika upande wa pili, imekuwa tao dogo linalojibeba, na kozi inayofuata inaliegemea hilo.

Mnaona? Hapo gharama ya mbao imekwisha. Kinachobaki ni kamba au fito nyembamba za kuonyesha umbo, ambazo hazibebi mzigo, zinasema tu pita hapa usipite pale.

Lakini safu ya kwanza bado si dari. Safu ya kwanza ni fomwaki ambayo haiondolewi. Dari yenyewe ni safu ya pili na ya tatu, na hizo hazilazwi kwa jasi hata kidogo. Zinalazwa kwa mota ya saruji, kama sentimita moja, vigae vimezungushwa kwa pembe ili kiungo kisikae juu ya kiungo. Safu ya chini imekwenda hivi, ya juu inakatiza kwa mshazari. Safu 3 pamoja na mota zinakupa kama sentimita 10. Nani ana swali? Ngojeni, najua mnachotaka kuuliza: kwa nini tusimalize yote kwa jasi, ina haraka?

Kwa sababu jasi ikilowa inalegea. Paa likivuja, choo cha juu kikivuja, jasi inakuwa chokochoko. Waliojenga kwa jasi tupu mahali pa maji walijenga kitu cha muda. Na kwa nini tusimalize yote kwa saruji? Kwa sababu saruji inataka saa nyingi kushika, na mkono wako hauwezi kukishikilia kigae saa nyingi. Jasi ina haraka, saruji ina uvumilivu, na baba alizipangia zamu.

Mambo yanayoharibika ni madogo madogo, na ndiyo yanayoangusha watu. La kwanza ni bakuli chafu. Mabaki ya jasi iliyokauka yakibaki bakulini, jasi mpya inashika upesi mno, mara imeganda kabla hujapaka kigae cha pili. Kijana anayefunzwa huona jasi "imechacha" na kuilaumu dukani, kumbe kosa ni bakuli. La pili ni kuirudishia maji jasi iliyoanza kushika. Italainika, itakudanganya, lakini nguvu imeshakufa. Imwage. La tatu ni maji ya kigae. Kikilowa chepechepe hakishiki, kinateleza mkononi. Lakini unapokwenda safu ya pili, ukikuta vigae vikavu kabisa, vinanyonya maji ya saruji kabla haijakomaa, na safu zako zinabaki zimelaliana tu bila kushikana. Kwa hiyo kabla ya mota ya saruji, nyunyiza. La nne, msipakie mchanga wala mtu mzito juu ya safu moja. Safu moja inajibeba yenyewe. Haikuahidi kukubeba wewe.

Hayo yote baba aliyajua kwa mikono. Je, Marekani ingemwamini kwa mikono? Hapana. Mjumbe wa kamati ya ujenzi pale Boston hakuwa na muda wa kusikia habari za mababu wa Valencia. Alitaka namba. Basi baba akampa namba.

Mwaka 1887 vipande vya kazi yake vilipelekwa kwenye mashine za kupima nguvu. Vilipogandamizwa, siku 5 tu baada ya kujengwa, vilistahimili paundi 2,060 kwa inchi ya mraba, sawa na kilo 145 hivi kwa sentimita ya mraba. Vilipovutwa, vilikatika kwenye paundi 287. Shikeni namba hizo mbili, 2,060 na 287, kwa sababu kisa kizima cha tao kimo humo. Ukiligandamiza lina nguvu mara 7 kuliko ukilivuta. Baadaye zikaja tao za majaribio zilizobebeshwa mizigo, zikawashiwa moto kwa saa kadhaa, kisha zikapigwa maji baridi ya mpira. Kwa nini maji? Kwa sababu zimamoto wakija hawaji na feni. Kitu kilichostahimili moto kinaweza kupasuka kikipigwa maji kikiwa bado chekundu.

Kazi iliyofungua mlango ilikuwa maktaba ya umma ya jiji la Boston, mwaka 1889, iliyosanifiwa na McKim, Mead na White. Baba alijenga dari kadhaa za maumbo mbalimbali, na hapo kikatokea kitu ambacho kwao hakikuwa kawaida: hazikupigwa lipu. Vigae vikaachwa uchi, vimepangwa kwa nakshi, macho ya wasomaji yanaviona. Kazi ya fundi ikawa ndiyo sura ya jengo. Tangu hapo wasanifu walimiminika, na baadhi yao ndipo wakaanza kuacha peupe kwenye karatasi.

Sasa niseme alipokosea, maana tusimfanye mtu malaika. Baba aliamini, na akaandika, kwamba dari zake zimeshikamana kiasi kwamba ni kama sufuria iliyopinduliwa, kipande kimoja, na kwa hiyo hazisukumi kuta kama tao la mawe. Maneno hayo yalimsaidia kuuza. Kweli yake ni nusu. Tao, hata liwe jembamba na limeshikamana vipi, husukuma pembeni. Tupige hesabu hapa hapa.

Chukua chumba cha upana wa mita 4. Weka dari ya tao, mwinuko wake katikati sentimita 40. Uzito wa dari na watu na vitu, tuseme kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Zidisha 500 kwa 4 mara 4, unapata 8,000. Gawanya kwa 8 mara mwinuko, yaani 8 mara 0.4, ambayo ni 3.2. Unapata 2,500. Maana yake kila mita moja ya ukuta inasukumwa nje kwa kilo 2,500. Tani 2 na nusu! Ukiinua tao lifike sentimita 80, msukumo unashuka hadi kilo 1,250. Ukilibana liwe sentimita 20 kwa sababu mteja anataka sakafu bapa, unapanda hadi tani 5. Na ukuta wako ni wa tofali moja. Nani ataustahimilisha?

Kwa hiyo kampuni ile, pamoja na maneno yote ya mshikamano, iliweka vyuma vya kufunga kati ya kuta na ikatumia mihimili ya chuma kushika miguu ya tao. Vitendo vyao vilikuwa na akili kuliko nadharia yao. Mkiweka chuma cha kufunga kila mita 2 katika mfano wetu wa kwanza, kila kimoja kinavutwa kwa tani 5. Nondo ya milimita 12 hapo haina usalama wowote. Hesabuni kwanza, ndipo mwende dukani.

Tuje kwa mwana. Huyu ndiye wa karne ya ishirini hasa. Hakusoma chuo kikuu. Aliingia kazini akiwa kijana mdogo, akapita kwa mafundi, akapita ofisini, akajifunza kwa baba. Baba alifariki mwaka 1908 kule North Carolina, akiwa anajenga kanisa la Mtakatifu Lawrence mjini Asheville. Kuba lake ni la duaradufu, kama mita 25 kwa 17.7. Mwana akalimalizia, na baba amezikwa humo humo. Niwape la pembeni: huyu bwana aliyewauzia Wamarekani kinga ya moto maisha yake yote, nyumba yake mwenyewe kule milimani ilikuwa ya mbao. Mganga hajigangi, ndugu zangu.

Mwaka mmoja baada ya msiba, mwana akapewa kazi ya kumtisha yeyote. Kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, New York, lilikuwa na matao manne makubwa yamesimama na katikati wazi, panaingia mvua. Upana kama mita 30. Fedha za mnara uliokusudiwa hazikuwepo. Kujenga jukwaa la mbao kutoka sakafuni hadi kule juu kungegharimu mali nyingi kabla hata kigae kimoja hakijapanda. Wakataka kifuniko cha muda. Mwana akasema nitawafunikia kwa kuba la vigae, bila jukwaa la chini.

Bila jukwaa! Mafundi walianzia kwenye pembe nne, pale matao yanapokutana, wakapanda kozi kwa kozi kwa duara. Kila duara likifunga linajibeba. Kesho yake mafundi wanasimama juu ya kazi ya jana wakijenga ya leo, chini yao hewa tupu. Umbo walilishika kwa waya zilizopimwa, kama mtoto anayechora duara kwa uzi na msumari. Kazi ilichukua wiki 15. Kileleni unene ni kama sentimita 10.

Mita 30 kwa sentimita 10. Pigeni picha. Yai la kuku lina upana kama sentimita 4.5 na ganda la theluthi moja ya milimita. Gawanyeni wenyewe: ganda la yai ni kama moja kwa 130, kuba lile ni moja kwa 300. Kwa uwiano, ni jembamba kuliko ganda la yai mara mbili na zaidi.

Na hapo mwana alimzidi baba. Alijua kwamba kuba halitendi sawa kila mahali. Sehemu ya juu inajigandamiza kila upande, ni salama. Lakini ukishuka chini, katika kuba la nusu duara kamili kama nyuzi 52 kutoka kileleni, pete za chini zinaanza kuvutika, zinataka kufunguka kama chungwa linalomenywa. Na kigae kinachukia kuvutwa, mnakumbuka 287. Basi akalaza chuma ndani ya safu za vigae kwenye sehemu ya chini, na mwaka 1910 akakichukulia hataza. Akachora njia za nguvu kwenye karatasi, kwa rula na penseli, mahali ambapo baba alitumia imani. Kifuniko kile cha muda kipo mpaka leo. Zaidi ya miaka 100 ya muda!

Kuhusu sauti nitapita haraka, ingawa kwa makanisa na misikiti ni jambo zito. Vigae vigumu vinarudisha sauti; mhubiri anasema neno moja waumini wanasikia matatu. Mwana akashirikiana na Wallace Sabine, mwanafizikia wa Harvard, wakatengeneza kigae chenye vitundu kinachonyonya sauti, cha kwanza mwaka 1914, kisha kingine mwaka 1916 cha chembe za jiwe jepesi zilizoshikwa na saruji. Adui wake ni rangi. Mtu mmoja wa matengenezo akipaka rangi nzito, vitundu vimezibwa na dari imekuwa kiziwi. Ajabu ni kwamba makanisa mengine baadaye yaliziba vitundu kwa makusudi, kwa sababu wapiga kinanda walitaka mwangwi wao warudishiwe.

Sasa Ellis Island. Hapa naomba utulivu kidogo.

Kisiwa hiki mbele ya New York ndicho kilichopokea mamilioni ya wahamiaji kuanzia mwaka 1892. Ukumbi mkuu wa kuandikishia ulikuwa na dari ya lipu. Julai 1916, wakati wa vita, shehena ya silaha ililipuka ng'ambo ya pili, dari ikaharibika. Aliyeitwa kuijenga upya ni kampuni ya Guastavino. Wakaweka tao la vigae, zaidi ya vigae 28,000, juu ya vichwa vya watu waliosimama foleni na mabunda yao wakisubiri kuitwa majina. Mvulana aliyeingizwa nchini akiwa na miaka 9, bila yeye kuamua, ndiye aliyewaezekea wageni wa baadaye. Yeye hakupita pale. Mwaka 1881 kituo kile hakijakuwepo.

Mwaka 1954 kisiwa kikafungwa. Madirisha yakavunjika, mvua, theluji na ndege vikaingia, karibu miaka 30. Walipokuja kukarabati miaka ya 1980, walikagua dari yote kigae kwa kigae. Mnadhani walibadilisha vingapi? Elfu tano? Elfu moja? Walibadilisha 17. Kumi na saba!

Lakini tusidanganyane kwamba kila kitu cha vigae hakiharibiki. Kule Grand Central, stesheni kubwa ya treni ya New York, kwenye mkahawa wa chaza ulio chini ya stesheni, moto wa mwaka 1997 uliharibu vigae vya uso. Tao lenyewe likabaki, vigae vya uso vikawekwa upya. Ndiyo maana ya kujenga kwa safu: uso unaweza kufa mwili ukaishi. Mkaguzi anayegonga dari hiyo kwa kifundo cha kidole akasikia mlio mtupu asikimbilie kusema jengo linaanguka. Aulize kwanza ni safu gani iliyoachana.

Kampuni ilishiriki zaidi ya majengo 1,000. Stesheni ya City Hall ya treni za chini ya ardhi za New York, iliyofunguliwa mwaka 1904 na kufungwa mwaka 1945 kwa sababu treni zilirefuka na reli pale imepinda, ni kazi yao. Basi kwa nini ilikufa mwaka 1962?

Watu husema zege liliwaua. Ni kweli, nondo na zege vilikuwa rahisi, na mshahara wa fundi ulipanda kuliko bei ya mbao. Kigae kinataka mkono wa mtu kila baada ya sekunde 20. Zege linataka pampu na siku 28. Lakini mimi naona jambo lingine, na hapa narudi kwenye lile peupe la kwenye ramani. Lilikuwa heshima, na lilikuwa mtego. Hataza ziliandikwa, namba za majaribio ziliandikwa, mikataba iliandikwa. Kilichokuwa mkononi mwa fundi hakikuandikwa: jasi nzito kiasi gani, mkono utulie vipi, kigae kiinamishwe kiasi gani kozi inapokaribia kufunga. Msanifu hakujifunza kwa sababu Guastavino yupo. Vyuo havikufundisha kwa sababu Guastavino yupo. Siku Guastavino hayupo, mahali peupe pakabaki peupe. Hata michoro ya kampuni ingetupwa kama George Collins, profesa wa Columbia, asingeiokoa.

Wapo watakaosema hayo ni ya kwao huko, sisi yanatuhusu nini. Pwani yetu si mgeni wa tao. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una makuba ya matumbawe na chokaa. Na nendeni Lamu, nendeni Unguja, mtaona vyumba virefu na vyembamba, upana karibu mita 3, zaidi kidogo au pungufu kidogo, kwa sababu boriti ya mkoko haiendi zaidi ya hapo. Tatizo la Barcelona na tatizo la Lamu ni ndugu: utafunikaje nafasi pana kama huna mti mrefu?

Na karibu zaidi kipo Kigali. Uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa mwaka 2017, una paa la matao matatu ya vigae vyembamba, kubwa kupita yote lina upana wa mita 16. Vigae havikuchomwa. Ni udongo wa pale pale na saruji kidogo, umeshindiliwa kwenye mashine na kuachwa ukomae kivulini. Wakaongeza wavu wa plastiki ngumu kati ya safu na safu, kwa sababu Rwanda ina matetemeko, na tetemeko linavuta mahali ambapo tao halijazoea kuvutwa. Mnaona jinsi 287 inavyotufuata? Mwana alilaza chuma, Kigali wakalaza wavu. Waliojenga ni watu wa pale waliofundishwa hapo kazini.

Mwanafunzi mmoja ameniletea karatasi anauliza: je, hapa kwetu jasi na joto na mvua vinapatana? Vinapatana kama mtafunika kazi. Juani jasi inakauka kasi, koroga robo ya bakuli badala ya nusu. Mvua ikitishia, turubai liwe limeshafungwa kabla hamjaanza, si wakati matone yameanguka. Na safu ya pili ya saruji isichelewe. Safu ya kwanza ikilala usiku mbili tatu bila mwenzake, unyevu unaanza kuila.

Yatosha maneno. Nje kwenye kivuli tumepanga vigae 60, mfuko mmoja wa jasi, fito 4 na kuta mbili fupi zilizoachana mita moja na nusu. Mabakuli yameoshwa, nimeyakagua mwenyewe. Wazee wa kazi tangulieni mshike kingo za kwanza, vijana mje nyuma kuhesabu sekunde.